Kete Kumi na Wodi Moja

 

Msimamishe njiani mwanafunzi wa uuguzi, yule mwenye sare iliyopigwa pasi anayewahi zamu ya asubuhi hapa Kitale, umwulize Florence Nightingale alizaliwa lini. Atakujibu palepale: tarehe 12 Mei 1820. Mwulize shule yake ya wauguzi ilifunguliwa wapi, atasema hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Sasa mwulize hivi: bibi yako alipojifungua mama yako, nani alimshika mkono? Mtu huyo alifunzwa na nani, na alikuwa na nini cha kufanyia kazi? Hapo kijana ataangalia chini. Simlaumu. Darasani hakuulizwa swali hilo, na kwenye mtihani haliji.

Leo nataka kutetea jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la kitoto. Historia ya uuguzi ifundishwe kwa mchezo. Nasema mchezo wenyewe, wa kadi na kete, wanafunzi wakae mezani wanne wanne, wabishane, washinde, washindwe. Na ubao wa mchezo huo uwe barabara yetu hii: uanzie mtaa wa Kipsongo hapa Kitale, ushuke Kiminini, upite Kamukuywa na Misikhu, ufike Lugulu, Webuye, umalizikie Bungoma.

Kwa nini mchezo? Kwa sababu historia inayoandikwa ubaoni huwa imekwisha kuamuliwa. Mwanafunzi anaambiwa mwaka huu lilitokea hili, mwaka ule likatokea lile, naye anakariri, anajaza karatasi ya mtihani, anasahau. Lakini waliokuwa ndani ya siku zile hawakujua mwisho wake. Walikuwa na ndoo moja ya maji na wagonjwa ishirini, nao iliwabidi wachague nani aoshwe kwanza. Kuchagua huko ndiko uuguzi, na kitabu hakiwezi kukuchagulisha. Mchezo unaweza.

Wala si jambo geni. Jeshi la Prussia lilikuwa likiwafunza maafisa wake kwa mchezo wa vita wa mezani tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Nyoka na ngazi tunaowachezesha watoto ulitoka India, na kule ulikuwa somo la maadili: ngazi ni wema, nyoka ni maovu. Hapa Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzao wa mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome Trust waliunda mchezo wa simu unaoitwa LIFE. Unaufungua, unajikuta katika hospitali iliyochorwa, mbele yako mtoto mchanga asiyepumua, na lazima uchague hatua moja baada ya nyingine kama vile ungefanya wodini. Ikiwa tumekubali kwamba mchezo unaweza kufundisha kuokoa pumzi ya mtoto, sioni sababu ya kuogopa kuutumia kufundishia historia.

Wa kwetu hauhitaji simu. Boksi la sabuni likatwe, upande mmoja ichorwe barabara. Kete ni vifuniko vya soda, vilevile tunavyochezea drafti. Kila mchezaji apewe vifuniko kumi: vitatu vya maji, vitatu vya mikono, yaani watu wa kusaidia, viwili vya dawa na viwili vya muda. Kisha kuna kadi, na kila kadi ina mwaka, mahali na shida. Sheria kubwa ni moja tu: huruhusiwi kutumia kitu ambacho kwenye mwaka wa kadi yako kilikuwa hakijajulikana. Ukiwa mwaka 1917, usiseme penisilini, maana Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, na wagonjwa wa kawaida walianza kuipata katika miaka ya 1940. Sheria hiyo inaumiza, na imewekwa ili iumize.

Acha niwachezee raundi moja, ile ninayoipenda kuliko zote.

Kadi inasema: Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, Novemba 1854. Vita vya Crimea. Nightingale amewasili na wauguzi 38. Hospitali ni kambi ya zamani ya askari, majeruhi wamelazwa sakafuni kwenye korido. Mchezaji ana kete zake kumi. Wanafunzi wengi watafanya nini? Watafanya linalowajia kwanza watu wenye huruma. Watanunua mashati safi, supu, blanketi, taa ya kuzungukia wodini usiku. Kete zinakwisha. Kadi inageuzwa. Nyuma yake imeandikwa kwamba majira ya baridi yalipoingia vifo viliongezeka, na kufikia Februari 1855 ilikuwa takribani 42 katika kila wagonjwa 100.

Hapo meza italalamika. Nimehudumia vizuri, mbona wanakufa? Swali hilo mhadhiri angeweza kulieleza saa nzima likapita juu ya vichwa, na sasa limetoka mdomoni mwa mwanafunzi mwenyewe, tena kwa uchungu. Ndipo inafunuliwa kadi ya pili: Machi 1855, tume ya usafi imetumwa kutoka Uingereza. Wanachimba, wanakuta jengo zima limekaa juu ya mitaro mibovu ya maji taka. Wanaisafisha mitaro, wanatoa mizoga, wanafungua madirisha hewa ipite. Gharama ya kadi hiyo ni kete za maji na za mikono, zilezile alizokwisha kuzitumia mchezaji kwenye supu na taa. Kufikia Juni vifo vilikuwa vimeshuka hadi kama 2 katika kila 100.

Picha ya mwanamke mwenye taa haituambii hayo. Nightingale mwenyewe aliyajua. Aliporudi Uingereza alizikalia takwimu za vifo usiku na mchana, na mwaka 1858 akazitoa kwa michoro ya duara ili hata mbunge asiyependa hesabu aone kwamba magonjwa yaliwaua askari wengi kuliko risasi. Upole wake ulikuwa wa kweli, na bado haukutosha peke yake. Mwanafunzi akilipata hilo kwa kushindwa mezani, hatalisahau.

Na hapo naileta Kipsongo. Mtaa huu uko karibu kabisa na mji wa Kitale. Wengi wa wakazi wake ni Waturkana walioteremka kutoka kaskazini miaka ya ukame na ya wizi wa mifugo, wakajenga vibanda kwa matambara, makaratasi ya nailoni na mabati makuukuu. Maji ni ya mtungi, vyoo ni vichache. Mwanafunzi wa uuguzi anayepelekwa huko kwa mafunzo ya afya ya jamii akiwa hajapitia Scutari atamwona mama ambaye mtoto wake anaharisha kila mwezi, na atamwambia kwa sauti ya juu: mama, nawa mikono, chemsha maji. Aliyekwisha kushindwa raundi ya Scutari atatazama kwanza mtaro unapita wapi. Kisha atauliza nani ofisini anayehusika na mtaro huo, na atapeleka hesabu ya watoto wanaougua, kama Nightingale alivyopeleka zake.

Tuendelee. Kadi ya Kiminini ningeipa vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani wakipigana Afrika Mashariki na wazee wetu wakibebeshwa mizigo. Majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yote ni kumbukumbu ya wapagazi hao. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara. Walipewa unga wa mahindi watu ambao baadhi yao hawakuuzoea, wakaupika kwa haraka jioni na kuni mbichi, ukaliwa haujaiva, tumbo likaharibika, na maji ya kunywa yalikuwa machafu. Waliowahudumia wengi walikuwa vijana wanaume walioitwa dresa, wafunga vidonda, waliofunzwa kwa muda mfupi. Naomba wanafunzi walitazame hilo kwa makini: miongoni mwa wauguzi Waafrika wa mwanzo katika nchi hii, wanaume walikuwa wengi, wakitoka shule za misheni. Mvulana wa leo anayechekwa kijijini kwa kuwa amekwenda kusomea unesi anarudi kwenye kazi waliyoifanya babu zake.

Mchezaji wa kadi hiyo atataka kuwapa wapagazi maji ya chumvi na sukari. Hawezi. Ni mwaka 1917. Maarifa hayo yalikuja miongo mingi baadaye, na mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alipoishiwa na dripu katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, mbele yake kipindupindu, akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari kutoka kwenye mapipa, wapewe na ndugu zao wenyewe. Katika watu aliowahudumia, vifo vikashuka hadi chini ya 4 katika kila 100. Chumvi ilikuwapo, sukari ilikuwapo, maji yalikuwapo. Kilichokosekana ni kujua tu. Ukimfikisha mwanafunzi hapo kwa mkono wake mwenyewe, paketi ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganywa na maji, kwenye rafu ya zahanati haitakuwa tena kijikaratasi cha kawaida machoni pake.

Kadi nyingine nazipitia upesi. Nairobi 1901, Native Civil Hospital, ambayo sasa ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ikianza na vitanda 40. Pumwani 1926, nyumba ya kujifungulia iliyopewa jina la Lady Grigg, mke wa gavana. Mwaka 1927, mafunzo yaliyozaa chuo cha mafunzo ya afya tunachokiita leo KMTC, chenye matawi yake Kitale, Webuye na Bungoma. Misikhu na Lugulu, Wakatoliki huku na Waquaker kule, hospitali mbili za misheni kwenye barabara moja. Maseno, mwishoni mwa miaka ya 1950, alipofanya kazi Grace Ogot, mwuguzi na mkunga aliyesomea Uganda na Uingereza, ambaye baadaye nchi ilimjua zaidi kwa vitabu vyake na kwa kiti chake bungeni. Mwaka 1983, sheria ya wauguzi, Sura ya 257. Na Dubai, 12 Mei 2022, Anna Qabale Duba, mwuguzi wa Marsabit, anatunukiwa tuzo ya kimataifa ya wauguzi kwa kazi yake ya elimu na ya kupiga vita ukeketaji. Binti wa mfugaji ambaye yuko mwaka wa kwanza chuoni Kitale akiivuta kadi hiyo, atamwona mtu wa kwao.

Iwepo pia kadi ya wakunga wa nyumbani. Historia yetu ya uuguzi haikuanza siku mzungu aliposhuka na sanduku la bandeji. Akina mama wengi wa jamii za wafugaji walizoea kujifungua wakiwa wamepiga magoti au wamechuchumaa, wakishikwa mgongoni na wanawake wanaowafahamu. Hospitali ikaja na kitanda kirefu, ikawaambia walale chali, miguu juu, mbele ya mgeni kijana. Wengine wakakimbia, tukasema ni ujinga. Kadi hii ningependa ichezewe Kipsongo kwenyewe. Wanafunzi wakae na akina mama hao pamoja na wahamasishaji wa afya ya jamii, na kwa raundi hiyo moja wasimamizi wa mchezo wawe akina mama. Wao ndio waseme ni hatua ipi sahihi na ipi ni ya kumwua mzazi, kwa sababu wakunga wa nyumbani nao wamepoteza wazazi kwa kutokwa damu, na wenyewe watakuambia.

Sasa nafika kituo cha mwisho, Bungoma, na hapa sauti yangu lazima ibadilike.

Juni 2013 serikali ilitangaza kujifungua bure katika hospitali za umma. Wanawake wakamiminika. Vitanda vilikuwa vilevile, wauguzi walewale. Agosti mwaka huohuo, katika hospitali ya umma ya Bungoma, mama mmoja aliyekuwa na uchungu alikuta vitanda vyote vimejaa. Akajifungua sakafuni, kwenye korido. Alipigwa na kutukanwa na waliopaswa kumsaidia, akaambiwa aamke arudi chumba cha kujifungulia. Mtu mmoja alichukua video, nchi nzima ikaona. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu ya Bungoma, na Machi 2018 hukumu ikatoka: haki zake na heshima yake vilivunjwa, alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe msamaha. Mahakama haikuwashika wauguzi peke yao. Ilisema pia kwamba serikali ya kitaifa na ya kaunti hazikutenga fedha za kutosha kwa ajili ya huduma iliyokuwa imeahidiwa.

Nimesikia watu wazima wakisema kisa hicho kisifundishwe, kinaaibisha kazi. Mimi nasema hukumu ya Bungoma ni sehemu ya historia ya uuguzi sawa na Scutari, na mwanafunzi wa Bungoma ana haki ya kuijua kabla hajavaa sare. Kwenye kadi hiyo viti vinabadilishwa. Mchezaji mmoja ni mama. Mmoja ni mwuguzi aliye peke yake zamu ya usiku. Mmoja anashika mfuko wa kaunti, na mmoja ni yule mwenye simu aliyechukua video. Mwuguzi hana kete ya kitanda, na hata akiomba hapewi. Lakini hakuna hatua inayohesabiwa mpaka mama aseme anataka nini. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika kadi hii anaulizwa.

Kisha mchezo usimame, wazungumze. Kipi mwuguzi hakuwa nacho usiku ule? Kitanda, mwenzake wa zamu, pengine hata glavu. Kipi alikuwa nacho? Shuka la kutandika chini, mkono wa kumshikilia, ulimi wa kusema pole mama. Aliyeshika mfuko wa kaunti naye aulizwe mbele ya wenzake kwa nini kete zake zilibaki mfukoni. Mwanafunzi asitoke hapo akiwa amejifunza kumchukia mwuguzi tu, wala asitoke akiwa na kisingizio kwamba serikali ndiyo yenye makosa yote. Kadi ya mgomo wa wauguzi wa 2017 ifuate mara moja, ule wa kuanzia Juni hadi Novemba, karibu miezi mitano wodi za umma zikiwa tupu nchi nzima. Mwuguzi anadai mkataba wake uheshimiwe. Mama wa Kipsongo hana pesa ya kliniki ya binafsi. Wabadilishane viti mara mbili, na hakuna mshindi wa kadi hiyo.

Najua mtaala umejaa, na mhadhiri ana wanafunzi themanini katika chumba cha arobaini. Basi achukue saa moja tu kati ya zile zinazotumika kuandikisha noti. Wapo pia wanaohofia kwamba mchezo utawafanya vijana wacheke mateso ya watu. Hofu hiyo naiheshimu, na ndiyo maana sitaki mchezo wa alama na zawadi kwenye kadi ya Bungoma. Mhadhiri akiupa mchezo nusu saa, mazungumzo baada yake ayape muda uleule, kwa sababu mwanafunzi hujifunza zaidi anapolazimika kueleza kwa nini alitoa kete ile na si nyingine.

Kadi hizi haziwezi kuchapishwa Nairobi zikatumwa kwetu. Nyingi bado ziko vichwani mwa watu. Kuna wauguzi wastaafu wanaoishi Kitale, Kimilili, Sirisia, walioanza kazi wakati sindano zilichemshwa na kutumika tena, walioona wodi zao zikijaa wagonjwa wa UKIMWI kabla ya dawa kufika, wakawaosha watu ambao ndugu zao walikataa kuwagusa. Wanazeeka. Kila mwanafunzi apewe kazi ya likizo: amtafute mstaafu mmoja, amwombe ruhusa, akae naye, aandike kadi moja. Aandike mwaka, mahali na shida iliyokuwapo. Jina la mgonjwa lisitajwe kamwe. Na maswali ya kwenda nayo nayasema polepole, mwenye kalamu aandike. Bibi, au mzee, siku yako ya kwanza wodini ulikabidhiwa wagonjwa wangapi? Maji yalipokatika, ulianza na nani? Nani alikufundisha jambo ambalo chuoni hukufundishwa? Na ni mgonjwa gani ungependa turudi kumhudumia upya, leo, tukiwa na haya tuliyo nayo?